Alhamisi Kuu inapoangukia tarehe 2 Aprili: tuwakumbuke vipi watoto wa Garissa?

Swali: "Tumsifu Yesu Kristo, Mwalimu. Mimi ni katibu wa jumuiya yetu ndogo hapa Nakuru. Binti mmoja wa jumuiya yetu aliuawa magaidi waliposhambulia Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015. Kila mwaka tumekuwa tukiomba Misa kwa ajili yake. Mwaka huu, 2026, tarehe hiyo ni Alhamisi Kuu na paroko amesema Misa ya wafu haiwezekani. Vijana wamekasirika, wanataka kuwasha mishumaa 148, mmoja kwa kila aliyeuawa, na kuandamana hadi mjini. Wazee wengine wanasema miaka 11 imetosha, tuache kutonesha kidonda. Mama yake tulipomuuliza alisema tu, 'Mimi nataka nafasi ya kulia.' Tufanye nini? Na je, tunaruhusiwa kuwaita watoto hawa wafiadini?"

Milele na milele, amina. Dada Katibu, mama huyo ameshakujibu, na mengi nitakayoandika hapa ni kumsaidia tu apate alichoomba. Ameomba nafasi ya kulia. Hakuomba mahubiri wala maandamano, na ukisoma vizuri utaona hakuomba hata kufarijiwa. Kanisa linayo nafasi hiyo tangu zamani, lina zaburi zake na masomo yake na saa yake. Tatizo ni kwamba sisi huivuka mbio tufike kwenye vigelegele, kisha tunashangaa kwa nini aliyefiwa anabaki nyuma peke yake.

Nianze na paroko, maana vijana wasipomwelewa mtaingia Siku Kuu Tatu za Pasaka mkiwa mmenuniana. Yuko sahihi. Alhamisi Kuu hairuhusu Misa ya wafu. Hata mtu akizikwa siku hiyo, anazikwa kwa ibada isiyo na Misa. Asubuhi kuna Misa ya Krisma pamoja na askofu, ambayo majimbo mengi huitanguliza siku za nyuma ili mapadri waweze kufika, na jioni kuna Misa ya Karamu ya Bwana. Hata Misa ya watu wachache nyumbani kwa marehemu hairuhusiwi. Jioni ile Kanisa linataka waamini wote wakusanyike kwenye meza moja, padri na mkulima, mwenye msiba na asiye na msiba.

Lakini kuna jambo ambalo huenda halikuelezwa. Kisichowezekana ni Misa yenye sala, masomo na rangi za wafu. Nia ya Misa ni kitu kingine. Mwendeeni paroko kwa heshima, nanyi mzazi mmoja wa marehemu akiwa tayari mwende naye, mumwombe Misa ya jioni aitolee kwa nia ya binti yenu na wenzake, na jina lake litajwe katika maombi ya waamini. Hilo halivunji kanuni yoyote. Ombi lenyewe liwe fupi, kwa mfano: "Tuwaombee wanafunzi na walinzi waliouawa Garissa siku kama ya leo, na hasa binti yetu wa parokia hii, Bwana uliyekesha bustanini kwa uchungu, uwapokee, nawe ukeshe na wazazi wao." Msiligeuze kuwa hotuba. Misa kamili ya wafu isubiri kipindi cha kawaida, baada ya Pentekoste ambayo mwaka huu ni 24 Mei, au tarehe 2 Novemba pamoja na marehemu wote.

Sasa kuhusu mwaka huu wenyewe. Sijui kama mmekaa mkaliona hili, ila mama hakika ameliona: tangu mauaji yale, hii ni mara ya kwanza tarehe na siku kurudi vilevile. Mwaka 2015 tarehe 2 Aprili ilikuwa Alhamisi Kuu na Pasaka ikawa tarehe 5. Miaka iliyofuata kumbukumbu ilitangatanga. 2018 ikawa Jumatatu ya Pasaka, 2021 ikawa Ijumaa Kuu, 2023 ikawa Jumapili ya Matawi. Mwaka huu wazazi wataipitia juma lile lile, siku kwa siku. Alhamisi ya kupiga simu isiyopokelewa. Ijumaa ya kwenda Nairobi. Siku za kupanga foleni chumba cha maiti cha Chiromo kutambua mwili, huku redio ikitangaza Pasaka njema. Kwa hiyo msifikirie asubuhi moja tu. Familia hii inahitaji kusindikizwa kuanzia Alhamisi hadi Jumapili, na wiki inayofuata pia.

Kuna mahali pamoja ambapo pasipoangaliwa patamchoma mama bila mtu kukusudia. Katika Misa ya Karamu ya Bwana padri huvaa nyeupe, na wimbo wa Utukufu huimbwa kengele zote zikipigwa, kisha zinanyamaza hadi Mkesha wa Pasaka. Fikiria: saa ileile ambayo mwaka 2015 bado hakujua kama mtoto wake yu hai, kanisa zima linapiga kengele. Mashambulizi yalianza kama saa kumi na moja na nusu alfajiri na yalichukua karibu saa 15 hadi kuzimwa; nchini kote watu walikuwa wakioshwa miguu makanisani wakati kule operesheni ndiyo kwanza ilikuwa inafikia ukingoni. Mtu mmoja anayempenda, pengine wewe mwenyewe, aende amweleze mapema jinsi Misa ilivyopangwa na kwa nini. Akisema atakaa nje hadi utukufu uishe, mtafutieni kiti kivulini na mtu wa kukaa naye. Akisema haji kabisa, asifuatwe na maswali.

Nafasi ya kulia iwekeni alfajiri. Hapo ndipo kanuni zinawaacheni huru, na hapo ndipo jambo lenyewe lilipotokea. Wauaji walipoingia chuoni, baadhi ya wanafunzi wa Umoja wa Wakristo walikuwa wameamka mapema na kukusanyika kwa sala ya asubuhi. Hawa ni vijana waliokatishwa katikati ya sala. Sioni kumbukumbu iliyo bora kuliko watu wa Nakuru kuamka saa ileile na kuimalizia.

Kanisa la Magharibi lilikuwa na ibada ya alfajiri ya siku hizi hizi tatu, na bado inaruhusiwa kuitumia kama sala ya waamini. Mishumaa 15 hupangwa mbele. Zinasomwa zaburi, na vipande vya kitabu cha Maombolezo, na kila zaburi ikiisha mshumaa mmoja unazimwa. Giza linaongezeka polepole. Mshumaa wa mwisho hauzimwi. Unafichwa nyuma ya altare, watu wanakaa gizani, kisha unarudishwa na kila mtu anaondoka kimya. Ibada hii haimwambii mtu anyamaze kulia, wala haimwambii kwamba giza limeshinda. Kwa Nakuru mwezi wa Aprili jua huchomoza kama saa kumi na mbili na nusu, basi mkianza saa kumi na moja na nusu mtakuwa na giza la kutosha, na mtamaliza kukipambazuka.

Msizisome zaburi zote. Watu watachoka na watoto watalala. Mimi ningechagua ya 22, ambayo Bwana mwenyewe aliililia msalabani, ya 130 inayopaza sauti kutoka vilindini, na ya 88. Hii ya 88 watu huiogopa kwa sababu inaisha gizani bila neno la matumaini, na wengine wataomba muiongezee "Atukuzwe Baba" ya furaha au wimbo wa kuchangamsha. Isomeni ilivyo. Mama aliyefiwa akisikia kwamba ndani ya Biblia kuna mtu aliyemlalamikia Mungu hadi mstari wa mwisho na maneno yake yakahifadhiwa kuwa sala, atajua kilio chake hakimtoi kanisani. Kutoka Maombolezo someni sura ya tatu, kuanzia pale mwandishi anapolalama hadi pale anapokumbuka fadhili za Bwana, ila msiikate ile sehemu ya kwanza kwa haraka ya kuifikia ya pili. Kwaya iimbe bila ngoma na bila kayamba. Sauti tupu, tena chache.

Na mishumaa 148 ya vijana? Waambieni wazo lao ni zuri na limetoka kwenye upendo. Mwaka 2015 Wakenya walilia kwa sababu serikali ilikuwa ikitaja idadi tu, kwanza 147 na baadaye 148, na watu wakaanza kusoma majina hadharani ili marehemu wasibaki kuwa hesabu. Hapo ndipo vijana waelekezwe: kwenye majina. Kusoma majina 148 taratibu kunachukua kama dakika kumi, nayo ni dakika kumi nzito sana. Wagawane, wafanye mazoezi, maana yamo majina ya makabila mengi ya Kenya na hakuna kinachomuumiza mzazi kama jina la mwanawe kutamkwa ovyo. Wasiwasahau askari na walinzi waliokufa pamoja na wanafunzi 142. Jina la binti yenu lisomwe la mwisho, na mtu ambaye mama amemchagua. Kuhusu kuandamana hadi mjini, ningewashauri waache mwaka huu. Alhamisi Kuu inawadai jioni, na picha za maandamano hupata wenyewe wasioalikwa, hasa wanasiasa. Wakiamua kutembea barabarani hata hivyo, mkuu wa kituo cha polisi (OCS) apewe taarifa kwa maandishi siku tatu kabla. Na kipaza sauti cha kanisa kisimfikie mgeni wa heshima yeyote siku hiyo.

Vijana wakitaka tendo, Alhamisi jioni ina tendo lake. Tangu Januari 2016 kanuni inaruhusu kuosha miguu ya watu wa jinsia zote, vijana kwa wazee. Mwombeni paroko miongoni mwa watakaooshwa wawemo wanafunzi wa vyuo, wa Egerton na Kabarak na vyuo vyetu vya hapa mjini. Binti yenu alikuwa wa rika hilo. Parokia ipige magoti mbele ya wanafunzi walio hai.

Nifike kwenye mahubiri, kwa sababu hapa ndipo madhara makubwa hutokea, na nikisema ukweli hutokea kwa nia njema. Kila matanga hapa kwetu lazima mtu asimame aseme, "Kazi ya Mungu haina makosa." Mwingine ataongeza kwamba Mungu amechuma ua zuri bustanini mwake. Naomba, Dada Katibu, kama una uwezo wowote, maneno hayo yasisikike asubuhi ile. Kuwaamuru watoto walale kifudifudi na kuwapiga risasi si kazi ya Mungu. Ni kazi ya watu wanne wenye bunduki na waliowatuma, na mwaka 2019 mahakama Nairobi iliwatia hatiani watu watatu kwa kushiriki njama yake. Tukiyabandika mauaji kwa Mungu ili tupate utulivu wa haraka, tunampa mama sababu ya kumwogopa yule ambaye ndiye kimbilio lake la mwisho.

Injili ya kuhubiri ipo, Luka 13, mistari mitano ya mwanzo. Watu wanamletea Yesu habari za Wagalilaya ambao Pilato alichanganya damu yao na dhabihu zao. Waliuawa wakiabudu, huwezi kupata somo linaloikaribia Garissa kuliko hilo. Waliokuja walitaka maelezo: walikosa nini? Yesu anakataa. Hawakuwa wakosefu kuliko wengine, anasema, kisha anawataja na wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, na anawageuzia wasikilizaji wito wa kutubu. Mhubiri aishie hapo hapo. Dakika tano zinatosha. Toba inayotuhusu haihusu marehemu: inatuhusu sisi tulio hai, ambao tulizoea haraka, na nchi iliyochelewa kuwafikia watoto waliokuwa wakipiga simu kutoka chini ya vitanda.

Wazee wanaosema miaka 11 imetosha nawaelewa, na sitaki uwadharau. Wengi wao ni watu wa Nakuru waliopita mengine, walioona Januari 2008 mitaani mwao, na waliojifunza kwamba kunyamaza ndiko kulikowawezesha kukaa tena jirani kwa jirani. Kwao kukumbuka kunanuka kisasi. Waelezeni kwamba kinachopangwa ni sala ya kulia, wala hakuna mkutano wa kudai deni. Kisha wasomeeni Mathayo 2:18, Raheli akiwalilia watoto wake, "asikubali kufarijiwa, kwa kuwa hawako". Injili imeliweka lile kataa la Raheli katikati ya habari njema za Krismasi na haikumkemea. Haikumwekea miaka.

Hapo hapo niseme kuhusu kusamehe. Atakuwepo mtu atakayependa mama asimame mbele ya watu atangaze amewasamehe wauaji. Inapendeza masikioni, na baada ya 2008 tulishuhudia majukwaa mengi ya namna hiyo hapa bondeni, watu wakishikanishwa mikono mbele ya kamera na kurudi nyumbani na donge lao. Kristo ametuamuru tusamehe, sina la kupunguza hapo. Ila msamaha ni njia ambayo mtu anatembezwa na Mungu kwa mwendo wake, na hakuna aliyepewa kibali cha kumsukuma mama kwa kipaza sauti. Jumuiya inaweza kuwaombea wauaji kwa niaba yake wakati yeye bado hawezi. Ijumaa Kuu katika maombi makuu mtawaombea wasiomwamini Kristo, viongozi wa nchi na wenye taabu. Hapo kanuni inamruhusu hata askofu kuongeza ombi maalumu taifa likiwa na shida kubwa.

Na majirani zetu Waislamu? Wale wanne waliwatenga Wakristo na Waislamu kabla ya kuua, na lengo lao lilikuwa sisi tuendelee kutengana baada yao. Yohana 16:2, panapozungumzwa juu ya anayeua akidhani anamtolea Mungu ibada, ni neno la kweli, lakini lisomwe kwa uangalifu mkubwa ili lisije likaelekezwa kwa jirani wa mtaa wa Bondeni asiye na hatia. Desemba ile ile ya 2015, huko Mandera, magaidi walisimamisha basi wakataka abiria wagawanywe kwa dini. Abiria Waislamu walikataa. Mmoja wao, mwalimu Salah Farah, alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Lisomeni jina lake mwishoni mwa orodha, au mtajeni katika maombi. Jirani Mwislamu akitaka kuja alfajiri kukaa nanyi, akaribishwe kama mnavyomkaribisha kwenye matanga, bila kumpa wajibu wa kuomba radhi kwa kosa lisilo lake.

Swali la wafiadini. Katika mazungumzo yenu na katika sala zenu binafsi hakuna atakayewazuia kuwaita hivyo. Waliulizwa imani yao na wakafa kwa jibu hilo. Katika liturujia, hapana, mpaka Kanisa liamue. Hiyo haina maana kwamba Kanisa lina shaka na watoto wenu. Linachunguza mtu mmoja mmoja: aliuawa kwa chuki dhidi ya imani, naye alikipokea kifo vipi? Wakati mwingine jibu huja upesi. Wale wanaume 21 waliochinjwa Libya Februari 2015, Wakopti 20 na Mghana mmoja, Kanisa la Kopti liliwatangaza mara moja, na mwaka 2023 Papa Francis akaamuru waingizwe katika orodha ya wafiadini ya Kanisa letu. Garissa ilikuwa na vijana wa madhehebu mengi, jambo linalofanya njia iwe ndefu zaidi. Mnachoweza kufanya sasa ni kuhifadhi. Andikeni maisha ya binti yenu: ubatizo na kipaimara chake, alivyotumikia kanisani, waliomwona akisali, na barua na picha zake kama mama atakubali. Wekeni nakala parokiani. Hakuna mchakato wowote unaoanza bila karatasi hizo, na wanaomkumbuka wanazeeka.

Jambo la mwisho ni Jumamosi Kuu. Mwaka 2015, siku mbili baada ya mauaji, msichana mmoja alitolewa hai chuoni alikokuwa amejificha kabatini. Kila mwaka wahubiri huitumia habari hiyo kama mfano wa ufufuko, na ni habari ya kushukuru kweli. Lakini kwa mama ambaye kabati la mwanawe halikufunguka, mfano huo unauma kama msumari. Ongea na padri kabla. Katika Mkesha wa Pasaka tumaini la mama huyu halisimami juu ya aliyenusurika. Linasimama juu ya aliyekufa kweli, akazikwa kweli, na Mungu akamfufua.

Jumatatu ya Pasaka nendeni kwake na chakula kilichopikwa, watu watatu au wanne, msibebe kitabu cha nyimbo. Na mpangie mwakani mapema: tarehe 2 Aprili 2027 itakuwa Ijumaa ndani ya Oktava ya Pasaka, yaani siku nane za kwanza za Pasaka, Misa ya wafu itakataliwa tena, kwa hiyo mwulizeni mama angependa nini kabla hamjamfikia paroko.